Roshani ya meli kwenye bahari ya baridi: nichague chumba kipi kati ya hivi vitatu?

Mleta mada

Habari zenu wakuu. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Mwezi wa tano mwakani nampeleka mama yangu mzazi Alaska kwa meli ya kitalii, wiki moja, kutoka Vancouver na kurudi Vancouver. Ni mara ya kwanza kwetu sote wawili kulala melini. Mama amevuka sabini, magoti yanamsumbua, na hata kwenye gari moyo humchafuka barabara ikiwa na kona nyingi. Anachokitaka ni kuona barafu ikianguka baharini. Basi. Hataki disko, hataki bwawa, hataki kasino.

Kwamba tunachukua chumba chenye roshani, hilo tumeshakubaliana. Shida ni kipi. Vilivyobaki kwa bei inayokaribiana ni hivi:

A. Juu kabisa na mbele kabisa, roshani inatazama kule meli inakoelekea. Ndiyo kubwa kuliko zote.
B. Katikati ya meli, ghorofa moja chini ya sitaha ya bwawa.
C. Katikati vilevile, ghorofa tatu chini ya B, upande wa kushoto. Roshani ni finyu, viti viwili na kimeza basi.

Mimi moyo uko kwa A. Nani asiyetaka kuona mbele? Halafu swali la pili: upande wa kulia na wa kushoto una tofauti gani? Nimesoma watu wanabishana mpaka wanatukanana.

Bado Nipo

Nimevuta kiti. Wajuzi waje.

Tezi na Omo

Mkuu, achana na A kabla hujaipenda zaidi. Wahenga walisema kuenda tezi na omo (nyuma na mbele ya chombo), marejeo ni ngamani (tumboni mwake), na kwa mtu ambaye moyo humchafuka ushauri ni huohuo: rudi katikati, shuka chini. Meli ndefu ikikutana na wimbi la mbele inafanya kama ile pembea ya ubao ya watoto. Aliyekaa katikati hasikii kitu, wa kwenye ncha ndio wanaorushwa. Na meli ikienda mrama, chumba cha juu kinasafiri umbali mkubwa zaidi huku na huku kuliko cha chini, kwa mlalo uleule. Meli za kisasa zina mapezi yanayotoka ubavuni chini ya maji kupunguza mrama. Yanasaidia kweli. Ila omo likianza kupanda na kushuka, mapezi hayo hayana msaada mkubwa, na chumba chako A kiko juu ya omo hasa.

Jambo moja umelipatia, sijui kama ulikusudia: Vancouver. Meli zinazoanzia Seattle kwa kawaida hupita magharibi ya Kisiwa cha Vancouver, bahari ya wazi ya Pasifiki, bila kinga yoyote. Zinazoanzia Vancouver hupita upande wa ndani, kati ya kisiwa na bara, maji yametulia. Kuna kipande kimoja pale Queen Charlotte Sound kisiwa kinapoishia, bahari inafunguka kwa saa chache na meli inaweza kucheza, kisha unaingia tena ndani ya visiwa. Mwenye mama kama wako aanze kuchagua bandari ndipo achague chumba. Wengi hufanya kinyume.

Koti Mbili

Naongezea kuhusu A, maana ukubwa wa ile roshani ni chambo.

Piga hesabu. Meli ikitembea noti 20, hiyo ni kama kilomita 37 kwa saa. Hata siku ambayo hewa imetulia kabisa, roshani ya mbele inapokea upepo huo wote usoni. Ikiwa nje ni nyuzi 5, kwa upepo huo ngozi inahisi kama sifuri au chini yake kidogo. Na hapo sijaweka upepo halisi wa siku hiyo. Roshani ya ubavuni ina kuta za kugawa majirani, upepo mwingi unapita nje yake. Unaweza kukaa na kikombe mkononi wakati wa mbele wanashikilia kofia.

Pia meli nyingi hufunga roshani za mbele upepo ukizidi, na usiku utaombwa ushushe mapazia, maana mwanga wa chumba chako unawasumbua walio kwenye usukani. Kwa hiyo ule "mbele" unaoulipia utaupata kwa masharti.

Haki yake tuiseme: meli inapofika mbele ya barafuto, ule mto wa barafu unaoshuka mlimani hadi baharini, hupunguza mwendo hadi karibu kusimama, na kwa nusu saa hiyo A itakuwa kiti cha mfalme. Baada ya hapo meli inageuka, na mfalme anatazama maji.

Sitaha Wazi

Samahani, naharibu sherehe. Msinunue roshani kabisa.

Roshani inakupa nusu ya dunia. Nyangumi akipumua upande wa pili, utasikia tu watu wa ng'ambo wakipiga kelele. Siku ya barafu, walio makini wote wako juu kwenye sitaha ya wazi au kule mbele, na baadhi ya meli hufungua omo kwa abiria siku hiyo tu. Unaona kushoto, kulia na juu. Chukua chumba cha ndani kisicho na dirisha, giza lake ni zuri kwa usingizi (Juni kule mchana ni karibu saa 18), pesa inayobaki panda nayo helikopta au boti ya nyangumi. Roshani ni ya Karibi, mtu avue shati aote jua. Huko baridi utaitumia dakika kumi kwa siku.

Mleta mada

@Sitaha Wazi nimekuelewa, na kama ningekuwa peke yangu ningekufuata. Ila mama hawezi kusimama saa mbili kwenye umati. Akishapanda lifti na kukuta viti vimejaa, anarudi chumbani, kwisha habari.

@Koti Mbili umeniumiza roho. Nilishajiona na kamera yangu.

Mkaa Kimya

@Sitaha Wazi hizo dakika kumi ndizo zinazonifanya nibishane nawe. Umewahi kusubiri barafu imeguke? Haimeguki kwa ratiba. Unaweza kukaa saa nzima unatazama ukuta wa buluu usiotikisika, mara kipande kikubwa kinashuka. Na sauti huja baada ya jicho: ukiwa umbali wa kilomita moja, ngurumo inakufikia karibu sekunde tatu baadaye. Anayekimbilia nje akisikia ngurumo anakuta povu na mawimbi.

Kwa hiyo roshani ya bahari ya baridi si ya kuota jua, ni mahali pa kusubiria. Ukiitazama hivyo, maswali yote yanabadilika. Ukubwa hauna maana sana. Unachotafuta ni kiti kisichopigwa na upepo, kilichofunikwa juu, kisichoyumba, chenye mlango wa kioo nyuma yake ili mwenye baridi aingie ndani bila kuacha kutazama. Kusini-mashariki ya Alaska mvua ni nyingi mno: mji wa Ketchikan hupata zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka. Mei ni miongoni mwa miezi mikavu zaidi, afadhali yenu, lakini "kavu" ya kule usiiamini. Roshani yenye paa, ambalo ni sakafu ya roshani ya jirani wa juu, ina thamani kuliko ile kubwa iliyo wazi.

Kwa mama mwenye magoti, kama ulivyoeleza, mimi sioni hata mjadala. Roshani. Wewe kijana panda juu, mwache mama na blanketi lake, mkutane mezani mlinganishe mlichoona.

Sitaha Wazi

Sawa, kwa mama nakubali. Kwa mwenye miguu mizima bado nasimama palepale.

Fundi Milango

Nimefanya kazi za matengenezo kwenye meli za abiria, niseme yale ambayo picha za matangazo hazionyeshi.

Kwanza uzio. Roshani nyingi zina kioo chini ya mkono wa uzio, lakini kuna meli ambazo baadhi ya ghorofa zina chuma kitupu hadi kifuani. Mtu aliyesimama haoni tofauti. Mama akikaa kwenye kiti, au akiwa kitandani, anatazama ukuta mweupe. Uliza hili kabla ya lolote, na usiridhike na jibu la "ni roshani nzuri sana". Tafuta picha ya meli iliyopigwa kutoka ubavuni, utaona kwa macho yako ghorofa zipi zina chuma.

Pili mlango. Ni mzito, na una kizingiti cha kuzuia maji. Kwa magoti mabovu ndipo watu wanapojikwaa. Mpe mkono kila anapovuka. Na msifungue mlango wa roshani na wa korido kwa wakati mmoja: upepo hupita kama risasi na ule wa korido unaweza kumvunja mtu vidole. Si utani.

Tatu, meli nyingi hukata hewa ya chumba, ya joto au ya baridi, mara mlango wa roshani unapoachwa wazi. Ukirudi unakuta chumba kimepoa, unapiga simu kulalamika, kumbe mlango haukubana vizuri.

Kuna miundo mingine mkiikuta msishangae. Kampuni ya Carnival wana roshani zilizochimbwa ndani ya ubavu wa meli, chini karibu na maji. Zimekingwa upepo kweli kweli, ila bahari ikichafuka hufungwa. Na meli za kampuni ya Celebrity, kuanzia ile iitwayo Edge ya mwaka 2018, zina vyumba ambavyo roshani ni sehemu ya chumba chenyewe: unabonyeza swichi, nusu ya juu ya kioo inashuka. Kwa bahari ya baridi mimi naipenda hiyo, unakaa karibu na kioo bila koti. Wapo wanaoichukia kwa sababu ukishusha kioo chumba chote kinakuwa nje, na kwenye usukani wanaweza kuifunga wakitaka.

Bado Nipo

Kwani haturuhusiwi kuvuta sigara huko roshani? Baridi hiyo mtu atajipashaje?

Fundi Milango

Usithubutu. Machi 2006 moto ulizuka kwenye roshani ya meli Star Princess ikiwa Karibi, ukapanda roshani kwa roshani, na sigara ndiyo iliyoshukiwa. Mtu mmoja alikufa. Baada ya hapo kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, zikarekebishwa kuhusu roshani, viti vyake na kuta zake. Kitako cha sigara ukikitupa kinaweza kurudi na upepo kwenye roshani ya chini yako. Jipashe kwa soksi.

Usiku Mrefu

Kila mtu hapa anazungumzia Alaska ya kiangazi. Mimi nimetokea upande wa Norwei wakati wa majira ya baridi, ile njia ya meli za pwani ya Hurtigruten iliyoanza 1893, ambayo siku hizi ni ya Bergen hadi Kirkenes. Kule hesabu ni nyingine. Mji wa Tromsø, ulio njiani, jua halichomozi kabisa kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Unachokifuata ni mwanga wa kaskazini, zile rangi zinazocheza angani usiku, na huo uko juu, hauko mbele yako.

Hapo roshani yenye paa, ambayo Mkaa Kimya ameisifu, inageuka kuwa kasoro. Unaona kipande cha anga na tumbo la roshani ya jirani. Wakitangaza kwamba mwanga umetokea, vaa kila kitu upande sitaha ya wazi, kule mbali na taa. Faida ya roshani ni moja: usiku wa manane unazima taa zako, unachungulia, kama kuna kijani angani ndipo unavaa. Bila hivyo utavaa na kuvua suruali tatu bure.

Mleta mada, kwa Mei yako sahau mwanga wa kaskazini. Usiku hauwi mweusi vya kutosha. Usimwahidi mama.

Tezi na Omo

Tumjibu sasa swali la kushoto na kulia.

Asili yake ni safari za njia moja, zile za kutoka Vancouver kwenda bandari za Seward au Whittier huko Alaska. Meli ikipanda kaskazini pwani ya bara iko kulia, kwa hiyo watu husema kulia ukienda, kushoto ukirudi. Kwenye Ghuba ya Alaska hilo lina ukweli kidogo, siku ikiwa safi unaona milima. Lakini nyinyi mnakwenda na kurudi kwa njia ileile ya ndani. Kuna nchi pande zote mbili karibu muda wote, na mlichokosa mkienda mtakiona mkirudi.

Siku ya barafu yenyewe ndiyo inayoua kabisa huo ubishi. Barafuto ya Hubbard ina ukuta wa barafu wenye upana wa kilomita kama 10. Nahodha anaisogeza meli, anaisimamisha, kisha anaizungusha taratibu ili kila ubavu upate zamu yake. Hifadhi ya Glacier Bay vilevile, mbele ya barafuto ya Margerie meli huzunguka. Hifadhi ile huruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku, wahifadhi hupanda na kutoa maelezo kwa vipaza sauti, na mara nyingi unaweza kuyasikia pia kwenye televisheni ya chumbani. Kwa mama hiyo ni nzuri, kioo mbele, maelezo nyuma. Angalia kama ratiba yenu ina Glacier Bay, Hubbard, au ule mkono mwembamba wa bahari uitwao Endicott Arm. Jibu la hapo lina uzito kuliko kushoto na kulia mara kumi.

Mleta mada

Ratiba inasema Glacier Bay siku nzima. Nimefurahi.

Basi A nimeiaga. Imebaki B na C. Nilikuwa naelekea B kwa sababu iko juu zaidi, mama ataona mbali. Na je, wale wanaosifu vyumba vya nyuma?

Mkaa Kimya

B hapana. Juu yako kuna bwawa. Alfajiri wafanyakazi wanaburuta viti vya plastiki kwenye sakafu ambayo ni dari yako, na usiku wanavirudisha. Kama pale juu kuna jiko la chakula cha kujihudumia, vigari vyao vya magurudumu vinaanza kupita kabla hujaota ndoto ya pili. Pia kwenye meli kadhaa sitaha ya bwawa imetokeza nje kuliko ghorofa ya chini yake, inakukata juu ya milima. Mimi kanuni yangu ni moja: vyumba juu, vyumba chini. C inayo.

Za nyuma ni tamu kwa mwenye miguu. Zimekingwa na upepo wa mwendo na unaona pande zote mbili za mkondo. Ila kuna mtetemo wa mashine, wakati mwingine masizi ya dohani, na korido ya kutembea kutoka lifti hadi huko ni ndefu. Magoti ya mama yatakulaani.

Koti Mbili

Kabla hujaikimbilia C, hakikisha mashua za uokoaji ziko wapi. Katikati ya meli na ghorofa za kati ndiko zinakoning'inia. Kuna vyumba vinauzwa kwa jina la roshani, ukifungua pazia unakutana na paa la rangi ya machungwa. Kwenye ramani ya meli huwa wameweka alama ndogo ya kuonyesha mandhari yamezibwa, lakini ile iliyozibwa kidogo mara nyingine hawaiweki. Hesabu ghorofa kutoka mashua zilipo hadi chumba chako.

Na usikubali ule utaratibu wa kulipia aina ya chumba bila namba, kampuni ikupangie yenyewe. Ni nafuu, na kwa mwenye mama kama wako ni bahati nasibu.

Antaktika Siku Moja

Niingilie kidogo, ndoto yangu mimi ni Antaktika kutoka Ushuaia, Ajentina. Haya yote yananihusu?

Tezi na Omo

Nusu tu. Kule Mlango wa Drake, bahari iliyo kati ya Amerika Kusini na Antaktika, huchukua kama siku mbili kwenda na mbili kurudi, na mawimbi yake hayana mwenyewe. Chini na katikati iwe ndiyo sala yako. Mkifika, muda mwingi mko kwenye boti za mpira au nchi kavu, na hawaruhusiwi zaidi ya watu 100 kushuka kwa pamoja mahali pamoja. Meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Pesa ya roshani weka kwenye meli ndogo. Ukitaka zaidi fungua uzi wako tuje.

Mleta mada

Wakuu nimerudi. Nimekesha na ramani ya meli. Mashua ziko ghorofa mbili chini ya C. Ukitazama chini kabisa unaona mapaa yake, ukitazama mbele ni bahari tupu. Picha za ubavuni nimezipata, ghorofa ya C ina uzio wa kioo toka mwanzo hadi mwisho. Lifti ziko milango minne kutoka chumbani. Kushoto, na sijali tena.

Nimeilipia C. Mama nimemwambia roshani ni ndogo, akauliza kama kiti chake kitatosha. Nikasema kitatosha. Akasema basi.

Koti Mbili

Hongera. Sasa waandikie leo hii kwamba hutaki kuhamishwa. Baadhi ya kampuni hukupandisha daraja bila kuuliza, na unaweza kujikuta kwenye A yako uliyoikimbia, wakikupongeza.

Mleta mada

Nimeandika, wamejibu kwamba namba haitaguswa. Swali la mwisho ni la mama: naweza kubeba birika la umeme nimchemshie chai humo ndani?

Fundi Milango

Meli nyingi hulichukua pale pale kwenye ukaguzi wa mizigo, vitu vya kupasha moto vimekatazwa. Nenda na chupa ya chai ile inayotunza joto, ijaze kwenye chakula cha asubuhi siku ya Glacier Bay kabla foleni haijawa ndefu. Blanketi muulize anayehudumia chumba, anayo ya ziada. Na mwambie avute kiti cha mama kikae kwenye kona ya ukuta wa kugawa, upande wa mbele wa meli, ndipo upepo haufiki.